Udaktari wa Elimu kwa Mwalimu Asiyeacha Darasa

Mwalimu akitaka kusoma hadi juu kabisa bila kuacha kazi, atakuta vyuo vikuu vingi vinatoa shahada mbili za udaktari upande wa elimu. Moja ni PhD, ile tuliyoizoea kwa jina la uzamivu. Nyingine ni EdD, yaani Udaktari wa Elimu. Zote mbili zinampa mhitimu haki ya kuitwa daktari, na katika mfumo wa sifa za kitaaluma wa Ulaya, wenye ngazi 8, zote zimepangwa ngazi ya 8. Hapo ndipo swali linapoanza kuzunguka vyumba vya walimu: ipi ni udaktari wa kweli, na ipi imezimuliwa maji?

Swali lenyewe limepinda, ila halikuzuka hewani. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard ndicho kilichotoa EdD ya kwanza, mwaka 1921, muda mfupi tu baada ya kitivo chake cha elimu kuundwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwapa wakuu wa shule na wasimamizi wa elimu shahada ya juu inayohusu kazi yao, kama vile matabibu na wanasheria walivyokuwa na zao. Kulikuwa pia na sababu ya kiutawala: PhD ilikuwa chini ya kitivo cha sanaa na sayansi, na watu wa elimu walitaka shahada wanayoisimamia wenyewe. Vyuo vingine vikafuata, kila kimoja kwa mtindo wake, na kwa miongo mingi huko Marekani ungeweza kukuta EdD ambayo ni PhD tupu kwa jina jingine, na jirani yake EdD ambayo ni kozi ndefu ya uongozi iliyobandikwa tasnifu mwishoni.

Mwaka 2006 Lee Shulman na wenzake wa Taasisi ya Carnegie, shirika la Marekani la kuendeleza ufundishaji, walilisema jambo hili waziwazi: shahada hizi mbili zimechanganyikana kiasi kwamba zote zinaumia. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa Carnegie wa kuujenga upya Udaktari wa Elimu, ambao sasa una vyuo wanachama zaidi ya 100. Uingereza ilichelewa, Chuo Kikuu cha Bristol kilianza kutoa EdD mwaka 1992 na vingine vikafuata haraka. Harvard yenyewe, iliyoanzisha mambo, imekwisha kuiacha: mwaka 2014 ilianza kupokea wanafunzi wa PhD ya elimu mahali pa EdD, ikiwa tayari imeanzisha shahada nyingine ya udaktari kwa ajili ya viongozi wa elimu.

Kwa hiyo herufi tatu hizo peke yake hazikwambii kitu. Kinachosema ni mwongozo wa programu, hasa ukurasa unaoeleza tasnifu inayotakiwa. Usome huo kwanza, kabla ya ule wenye picha za wahitimu waliovaa majoho.

Kwa jumla, mtafiti wa PhD huanzia kwenye machapisho. Anasoma walichosema wengine, anaona pengo, anajenga swali. Wa EdD huanzia kazini: kuna jambo linamsumbua mwaka hadi mwaka, analipeleka kwenye machapisho kuona wengine wamelielewaje, kisha analirudisha pale lilipotoka na kulichunguza. Wote wawili wanadaiwa kuongeza maarifa mapya, na mtahini hamsamehi yeyote kwa hilo. Muundo nao hutofautiana. EdD nyingi za Uingereza huanza na takriban miaka miwili ya masomo ya kufundishwa, kila somo likidai insha ndefu, ndipo ije tasnifu ambayo mara nyingi ina maneno kati ya 45,000 na 60,000, wakati PhD ya huko hufika 80,000 au zaidi. Ufupi huo ndio unaowadanganya watu. Ukijumlisha na kazi za miaka ya mwanzo, nafuu yenyewe huioni. Kwa anayesoma huku akifundisha, safari nzima huchukua miaka minne hadi saba.

Ninavyoona mimi, karibu kila kitu katika shahada hii, kuanzia muda hadi maadili hadi siku ya kutetea tasnifu, hutegemea uamuzi mmoja unaofanywa mapema: ni tatizo gani la kazini unalichagua, na kama liko ndani ya uwezo wako kulibadilisha.

Tatizo lililo mikononi mwako

Tuseme mwalimu wa hisabati anakuja kwa msimamizi na mada hii: sababu za wanafunzi kufeli hisabati. Msimamizi mzuri atamrudisha. Siyo kwamba mada ni mbaya. Ni kubwa kuliko mwalimu. Ndani yake mna mitaala, umaskini, uhaba wa walimu, lugha ya kufundishia, na hakuna hata kimoja anachoweza kukigusa kutoka alipo. Atasambaza hojaji, atapata asilimia, ataandika mapendekezo kwa wizara, na wizara haitayasoma.

Anaambiwa aende akaangalie darasa lake kwa wiki chache, aandike anachokiona. Anarudi na jambo dogo ajabu. Kila anaporudisha madaftari aliyosahihisha, mwanafunzi hufungua ukurasa wa mwisho, anaangalia alama, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Maoni aliyoyaandika usiku kwa wino mwekundu, mistari mitatu minne kwa kila mtoto, hayasomwi. Na wiki inayofuata makosa ni yaleyale.

Hilo ni tatizo la kiwango cha udaktari, ingawa halionekani hivyo. Akienda kwenye machapisho atakuta hayuko peke yake. Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliopewa maoni matupu bila alama waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na hata kuliko waliopewa vyote viwili. Miaka kumi baadaye Paul Black na Dylan Wiliam walipitia tafiti nyingi za tathmini ya darasani na kuonyesha jinsi mrejesho mzuri unavyoweza kuinua ujifunzaji. Sasa anajua kwamba jambo lake lina jina na lina mjadala. Lakini anajua pia kisichomo kwenye mjadala huo: nini hutokea mwalimu anapojaribu kuficha alama katika shule ambako mzazi, mkuu wa idara na mwanafunzi mwenyewe wanadai alama kila wiki?

Swali lake linakuwa: wanafunzi wangu wanafanya nini na maoni ninayoandika kwenye kazi zao, na hali hiyo inabadilikaje ninapobadilisha namna ya kuyatoa? Hapo ana kitu anachoweza kukishika Jumatatu asubuhi.

Anaanza na mzunguko wa kwanza: anarudisha kazi zenye maoni bila alama. Anachokuta hakikuwa kwenye kitabu chochote. Wanafunzi wanahesabu alama za vema, wanagawanya kwa idadi ya maswali, na kabla ya kipindi kuisha kila mmoja ameshajipa alama yake na kuilinganisha na ya jirani. Mpango umekwama, lakini utafiti umefanikiwa, kwa sababu sasa anaelewa kwamba alama kwa watoto hawa ni namna ya kujua nafasi yao miongoni mwa wenzao, na hakuna maoni yanayoweza kujibu haja hiyo. Mzunguko wa pili anaondoa hata vema: anaandika swali moja tu kwenye kila daftari, na anatenga dakika kumi za kipindi ili lijibiwe palepale kwa kalamu. Anakusanya majibu, anahoji wanafunzi wachache, anaandika shajara ya kile alichokuwa anakifikiri. Kisha mzunguko wa tatu.

Utaratibu huu wa kupanga, kutenda, kutazama na kutafakari una wazee wake. Kurt Lewin aliandika kuhusu utafiti wa vitendo mwaka 1946. Upande wa viwandani, Walter Shewhart na baadaye Edwards Deming walijenga mzunguko wa kuboresha ubora, ambao programu nyingi za EdD za Marekani zimeuazima kwa ajili ya shule. Donald Schön, mwaka 1983, akaupa msingi wa kifalsafa kwa kueleza kwamba mtaalamu hodari ana ujuzi mwingi uliojificha ndani ya utendaji wake, na kwamba akiutafakari unaweza kusemwa, kujadiliwa na kupingwa.

Hapa pana mtego unaonasa wengi. Mwalimu anapima wastani wa darasa kabla, anapima baada, unapanda, anatangaza kwamba mbinu yake inafanya kazi. Darasa moja, mwalimu mmoja aliyependa mbinu hiyo tangu mwanzo, watoto waliokua kwa miezi sita kwa vyovyote vile. Mtahini ataivunja hoja hiyo kwa maswali mawili. Nguvu ya utafiti wa aina hii iko kwenye maelezo: mambo yalitokea vipi, kwa nani, kwa masharti gani, na kwa nini kwa wengine hayakutokea. Mwalimu wa shule nyingine akiisoma tasnifu aweze kupima mwenyewe: hali yangu inafanana na hii kiasi gani? Ndiyo maana sura inayoeleza mazingira ya shule, ambayo wengi huiandika kwa haraka, inastahili jasho zaidi.

Nadharia nayo haikwepeki. Kuna walimu wanaoingia EdD wakidhani wameikimbia, kwa kuwa kozi inaitwa ya vitendo. Bila nadharia, kisa cha madaftari hapo juu ni masimulizi mazuri ya chumba cha walimu na hakiendi mbali zaidi. Ukikitazama kwa nadharia ya jinsi watu wanavyojilinganisha, au ya mahusiano ya mamlaka darasani, kinaanza kueleza mambo yanayotokea hata pasipo na hisabati.

Mtafiti ambaye pia anasahihisha

Mtafiti wa nje akimwomba mwanafunzi ruhusa, mwanafunzi anaweza kukataa na wasionane tena. Mwalimu akimwomba mwanafunzi wake ruhusa, anayeomba ndiye anayesahihisha mtihani, anayeandika ripoti na, siku moja, barua ya kumpendekeza. Mtoto atasema ndiyo. Ndiyo hiyo haina uzito, na kamati ya maadili ya chuo inalijua hilo, ndiyo sababu maombi ya walimu hurudishwa na maswali mengi.

Ziko njia za kulipunguza tatizo, ingawa haliishi kabisa. Mtu mwingine, asiyefundisha darasa hilo, aeleze utafiti na akusanye fomu. Fomu zifungiwe kwenye bahasha hadi alama za muhula ziwe zimetolewa, ili mwalimu asijue nani alikubali na nani alikataa wakati bado anasahihisha. Somo lenyewe liendelee sawa kwa wote, kwa kuwa ni ufundishaji wa kawaida. Anayekataa, kinachoachwa ni data yake tu. Mzazi au mlezi atoe ridhaa, na mtoto naye aulizwe kwa lugha anayoielewa, kwa maana ridhaa ya mzazi haiondoi haki ya mtoto kukataa. Na kabla ya mahojiano yoyote mtoto aambiwe mpaka wa siri: akisema jambo linaloonyesha kwamba yuko hatarini, mwalimu analazimika kulifikisha panapohusika, utafiti au si utafiti.

Wenzako kazini ni suala gumu zaidi, na huzungumzwa kidogo. Ulichosikia kwenye chai ya saa nne si data. Mwalimu mwenzako alilalamika akijua anazungumza na rafiki; ukikiandika kesho kwenye shajara ya utafiti, umemgeuza mhojiwa bila habari yake. Ukitaka kukitumia, mrudie, mweleze, umwombe. Atakayekubali atakubali, na wengine wataanza kunyamaza unapoingia, ambayo nayo ni gharama ya kuhesabu mapema.

Halafu kuna kuficha majina. Tasnifu inaipa shule jina la bandia, lakini jina lako liko kwenye jalada, na yeyote akitafuta kwenye intaneti atajua ulikuwa unafundisha wapi. Ukiandika «mkuu wa idara ya hisabati», umemtaja mtu mmoja. Watafiti makini hufanya mambo mawili: wanafuta maelezo yasiyo ya lazima, na wanawaambia wahusika kwa uwazi kwamba usiri kamili hauwezekani, wajiamulie wakijua hivyo. Pia wanakubaliana kwa maandishi na mkuu wa shule, tangu mwanzo, matokeo yasiyopendeza yatashughulikiwaje. Makubaliano hayo ukiyatafuta baada ya matokeo kupatikana, umechelewa.

Saa zinatoka wapi

Ushauri wa kawaida ni «panga muda wako vizuri», na haumsaidii mtu mwenye rundo la karatasi za kusahihisha. Kinachosaidia ni kutambua kwamba kalenda ya shule na kalenda ya utafiti hazijuani. Kamati ya maadili inaweza kuchukua wiki nyingi kujibu. Kama ulipanga kukusanya data muhula wa pili na kibali kikaja darasa likiwa limeingia kwenye maandalizi ya mitihani, umepoteza zaidi ya mwezi: unaweza kusubiri mwaka mzima hadi mada ileile ifundishwe tena. Kwa hiyo hesabu ianzie nyuma. Chukua kipindi cha mwaka ambacho tatizo lako linaonekana vizuri, rudi nyuma miezi kadhaa, hapo ndipo maombi ya kibali yanapaswa kuwa mezani mwa kamati.

Kusoma na kuandika kuna tabia tofauti. Kusoma kunavumilia vipande: makala moja kwenye kipindi cha wazi, muhtasari wa mistari kumi kabla ya kengele. Kuandika sura ya uchanganuzi hakuvumilii. Kunataka asubuhi nzima yenye utulivu, tena asubuhi mbili zilizofuatana, ili usianze upya kila mara kukumbuka ulikuwa unasema nini. Wengi huweka kazi hiyo likizo, na likizo nayo ina wenyewe: familia, mapumziko, na mwili uliochoka kwa muhula mzima. Kama una nafasi ya kumwomba mwajiri kitu kimoja tu, omba vipindi vyako vya wazi vikusanywe siku moja. Kwa shule ambayo haina fedha za kukulipia ada, kubadilisha ratiba ni ombi jepesi.

Kipindi cha hatari ni baada ya masomo ya kufundishwa kwisha. Hadi hapo kulikuwa na wenzako wa mwaka, tarehe za kuwasilisha, na mtu wa kukuuliza. Ghafla unabaki na msimamizi mmoja au wawili na mwezi mzima bila tarehe. Hapo ndipo wengi hukwama, wakiwa wamemaliza kila kitu isipokuwa tasnifu, na muhula mmoja wa shughuli nyingi unageuka miwili. Waliovuka hapo mara nyingi walijiwekea tarehe za kubuni zenye shahidi: kikundi cha watu watatu wa mwaka wao wanaotumiana kurasa kila baada ya wiki mbili, hata kama kurasa zenyewe ni mbovu.

Nani, na kwa ajili ya nini

Anayelenga kazi ya uhadhiri ambayo kipimo chake ni machapisho asome kwanza matangazo ya nafasi anazozitaka. Mengine yanataja PhD kwa jina, mengine yanasema udaktari tu. Anayetaka mbinu mpya za kufundishia atazipata kwa kozi fupi, kwa bei ndogo na kwa usingizi wa kutosha. Anayetaka mshahara upande aangalie muundo wa utumishi wa kwake kama unaitambua shahada hiyo kwa mwalimu wa darasani, maana ipo inayoitambua na ipo isiyoitambua. Anayebaki ni yule mwenye jambo la kazini lisilomwachia, na hadhi ya kulijaribu pale alipo. Huyo inamfaa.

Kabla ya kujiandikisha, ulizia nani atakusimamia, kwa jina, na amekwisha kuwafikisha wangapi mwishoni waliokuwa wakifanya kazi. Ulizia ada ya mwaka wa ziada ikiwa hukumaliza kwa wakati. Ulizia kama maktaba inafunguka kikamilifu kwa mtandao. Na uliza jambo ambalo wachache hulikumbuka: itakuwaje nikihamishwa?

Hilo la mwisho si la nadharia. Katika miaka minne hadi saba, mwalimu kuhamishwa, kupandishwa cheo au kuhamia shule nyingine ni jambo la kawaida, na shahada hii imefungwa kwenye mahali. Uhamisho ukija kabla data haijakusanywa, mara nyingi swali linaandikwa upya na kibali kinaombwa upya. Ukija katikati, pana kazi ya kuomba ruhusa ya kurudi kama mgeni, na wahojiwa waliokubali kuzungumza na mwalimu wao wanapaswa kuulizwa tena. Ukija baada, tatizo ni dogo, ilimradi barua ya ruhusa ya shule inasema bayana kwamba data iliyokusanywa unaweza kuendelea kuitumia hata ukiwa umeondoka. Barua nyingi hazisemi hivyo. Sentensi hiyo iongezwe siku barua inapoandikwa, wakati mkuu wa shule aliyekuruhusu bado yupo ofisini.